Sajini Bertha wa Muheza

Imakulata alikuwa barazani anamenya machungwa ya kuuza pale Mzee Yasini alipoingia uani, mkono wake umeshika mkanda wa mbwa. Macho ya Yasini yaliishia Kagera, kwenye bomu lililotegwa ardhini. Nyuma yake alifuata Castory, mwenyekiti wa wanajeshi wastaafu wa Muheza, ambao ndio waliomtafutia mwenzao mbwa wa kumwongoza.

"Tumekuja kuomba jina," Yasini akasema. "La marehemu dada yako."

Imakulata akaweka kisu chini. "Jina la Bertha apewe mbwa? Kaka Yasini, kwetu hilo ni tusi. Na kwenu pia."

"Kwao ni tusi mara mbili," Castory akadakia. "Mdigo huyu akiguswa na mate ya mbwa, anajisugua mkono mpaka udongo wa uani unakwisha."

"Nyamaza, Mbondei wewe! Dada, Bertha ndiye mwanamke wa kwanza kikosini kwetu kuendesha lori. Nilipopofuka, ndiye aliyenitoa pale. Nimezaa wanaume watupu, sina wa kumpa jina lake. Na kamati ya mnara wa mashujaa haikuchonga jina lake ukutani, eti wanawake wote walikuwa wapishi. Nikifa mimi, nani atamwita?"

Imakulata akachukua rozari, akasali fungu zima, wanaume wakimsubiri. Alipofanya ishara ya msalaba, akasema, "Mtamwita kwa cheo chake, Sajini Bertha. Asipigiwe mluzi. Na jina halitolewi kavukavu, nitapika uji."

Akapika uji wa tui la nazi. Wageni walipokuwa wakinywa, akainama, akamnong'oneza mbwa jina kwenye sikio la kulia. Mbwa akanyoosha mgongo. Alipovuka ua kumrudia Yasini, aliacha mchangani nyayo za buti za jeshi, moja mbele ya nyingine, kama za mtu. Ule wa kushoto ulielekea nje kidogo, kama Bertha alivyotembea tangu alipoanguka kwenye mchungwa utotoni.

"Bado anautupa ule mguu," Imakulata akasema.

"Nausikia," akajibu Yasini, akamalizia uji wake.

Muheza wakazoea. Safari, fundi viatu, alizichungulia zile nyayo, akasema kisigino cha kulia kimelika, kinataka raba. Wanawake wa sokoni walisema "Shikamoo, Sajini," wakaendelea kupanga mafungu yao. Imakulata, ambaye miaka yote alisali karibu na mlango wa kanisa, akahamia benchi la mbele.

Siku ya Mashujaa wakaenda Tanga mjini. Wastaafu wakajipanga mbele ya mnara. Mgeni rasmi, afisa ambaye mvi zilikuwa bado hazijamwanza, akasoma majina yaliyochongwa mpaka la mwisho. Imakulata akasimama, akaomba la dada yake liongezwe.

"Mama, ukuta umejaa," mgeni rasmi akasema kwa upole. "Na tunavyojua, kina mama walihudumu jikoni."

"Lori haliendeshwi kwa mwiko, mwanangu."

Watu wakacheka. Mgeni rasmi naye akacheka, akafungua hotuba yake.

Yasini akauachia mkanda. Sajini Bertha akapita mbele ya gwaride, buti zikilia juu ya saruji, na askari wakapiga saluti mmoja baada ya mwingine. Mkono wa kulia wa mgeni rasmi ukaachia kipaza sauti, ukapanda, ukagota kwenye kofia. Haukushuka. Msaidizi akakiokota kipaza sauti, akamshikia mdomoni, na hotuba ikaendelea hivyo hivyo kuhusu uzalendo. Mkono ungeshuka tu Sajini akishatoka uwanjani, kila mtu alilielewa hilo. Imakulata akajitanda kanga yake vizuri, akamshika Yasini mkono, wakamfuata nyuma, wala hawakuharakisha.

Jina halikuchongwa. Mwaka uliofuata mgeni rasmi alikuja tena, akasoma majina yale yale. Ila safari hii kipaza sauti alikishika kwa mkono wa kushoto tangu mwanzo, na wa kulia akauacha mtupu.