Mwenzake Yuda

Hinewai alikuwa amewinda mbuzi mwitu kwenye Mlima Tauhere miaka mingi, lakini Yuda bado alimwacha mdomo wazi. Yuda alikuwa mbuzi jike aliyevalishwa kola ya redio shingoni. Kazi yake ilikuwa moja tu, na hakujua kama anaifanya: kutafuta wenzake. Mbuzi hawezi kukaa peke yake, jamani. Wawindaji walimfuata kwa mlio wa redio, wakawapiga risasi wale aliowakuta, yeye wakamwacha akatafute wengine. Ukatili? Ndiyo, ukatili, tusidanganyane. Lakini mbuzi hao walikuja na meli za Wazungu, wakautafuna msitu hadi hakuna mche uliobaki, na wazee wa ukoo wa Hinewai walitaka kuuona ukichipua kabla hawajafa.

Tangu msimu uanze hawakuona hata kinyesi kibichi. Yuda akipata mwenzake, kazi inaendelea. Akikosa, basi mlima umesafika, na wa mwisho kupigwa ni yeye. Ndiyo maana Hinewai alikuwa akiomba kimoyomoyo apatikane japo beberu mmoja mzee, halafu akiwakumbuka wale wazee anaona aibu.

Asubuhi hiyo mjomba wake, Turoa, alikuwa ng'ambo ya bonde na antena yake ya kunasa mlio wa kola.

"We mtoto, umelala?" aliuliza kwenye redio ya mkononi.

"Nitalalaje na wewe unanikoromea sikioni?"

Turoa akacheka. "Haya, amka. Yuda anashuka upande wako, tena mbio. Huyo kashanusa mtu wake."

Hinewai akalala kifudifudi, bunduki mkononi, akatazama juu. Ukungu ulikuwa umefunguka, na genge lote la mlima lilikuwa wazi, jiwe tupu linalochuruzika maji, refu hadi shingo inauma. Yuda akatokea kileleni. Akashuka. Alikanyaga mahali ambapo Hinewai, kwa darubini, hakuona pa kukanyaga. Akaruka, akatua, akageuka hewani, akaruka tena.

"Mama yangu!" Hinewai akanong'ona. Mwili ulimsisimka mpaka akasahau kilichomleta.

Alilikagua genge zima kwa darubini akimtafuta huyo mwingine. Hakuwepo. Yuda alifika chini, akapita majani mazuri bila kuonja, akaja moja kwa moja. Akamnusa Hinewai kofia. Kisha akapiga magoti, akajilaza ubavuni pake, akashusha pumzi ndefu na kuanza kucheua.

Hinewai hakuthubutu kujitikisa. Joto la yule mnyama lilipenya koti lake.

"Katulia," Turoa akasema. "Kampata?"

"Kampata."

"Wako wangapi?"

"Mmoja tu."

"Sasa unangoja nini? Piga huyo mwenzake, Yuda umwache."

"Mjomba," Hinewai akasema. "Huyo mwenzake ni mimi."

Turoa hakuwa na mzaha tena.

"Basi mlima umesafika, mwanangu. Nije nikusaidie?"

"Hapana. Kanijia mimi."

Alimwacha acheue. Alimkuna nyuma ya sikio, pale kola ilipomchubua, mpaka macho yakamlegea na kichwa kikamlalia Hinewai mkononi. Ndipo akaivuta bunduki, polepole sana, asije akamwamsha.