Tope Lisilotaka Joto Wala Baridi

Piitaaraq alikuwa na miaka sitini na miwili, wajukuu watano na mbwa kumi na mmoja, na bado alikuwa na mama wa miaka ishirini na sita. Pale Illunnguit, kijiji chao cha pwani ya barafu, hakuna aliyeona ajabu. Mama yake mzazi, Bolethe, alipofariki, mtoto wa kike aliyezaliwa wiki iliyofuata, nyumba ya tatu, alipewa jina lake, na anayepewa jina la marehemu hupewa pia watoto wa marehemu. Tangu somo huyo yuko kwenye nepi Piitaaraq alimwita "mama", naye alipojua kusema tu akamwita mzee "mwanangu" na kumtuma pipi dukani. Salumine, mke wa Piitaaraq, alimwita mama mkwe, na alimwogopa vivyo hivyo.

Sasa mama huyo alikuwa amesoma hadi chuo kikuu kule mji mkuu, Nuuk, na mwezi wa Machi akarudi kijijini kutafuta tope.

Alilitaka tope la chini kabisa ya ziwa lililo nyuma ya mlima. Piitaaraq akampeleka kwa sleji, gari la kuteleza barafuni linalokokotwa na mbwa, pamoja na jirani yao Gaaba, mtu ambaye Mungu alimuumba mdomo kwanza, viungo vingine vikafuata kwa kadiri udongo ulivyobaki. Wakatoboa barafu, wakashusha bomba la plastiki angavu, wakaligongomea kwenye sakafu ya ziwa na kulivuta likiwa limejaa. Bolethe akawaeleza kwamba kila mwaka ziwa hutandika tabaka jembamba. Miaka ya joto huacha ukijani wa mwani, miaka ya baridi huacha vumbi la kijivu, na mwenye kujua kusoma huona hali ya hewa ya miaka elfu nane imepangwa kama blanketi kabatini. Gaaba akasema yeye hana haja ya bomba. Zamani bahari iliganda Novemba, siku hizi unangoja mpaka Januari, habari imekwisha.

"Wewe unakumbuka miaka sitini, mzee Gaaba," Bolethe akamwambia, "na nusu yake ni uongo."

Walirudi na mabomba mawili, na hapo ndipo Piitaaraq alipoharibu. Illunnguit kitu cha thamani huwekwa ghala la nyama, kule nje, kigande kama jiwe kisioze. Ngozi ya nyangumi, ambayo ni kitoweo, huwekwa huko, samaki wa sikukuu huko, hata keki ya harusi ya binti yake ilikaa huko. Basi kwa mapenzi yake yote, na bila kumuuliza mtu, akachukua bomba moja akalisimamisha ghalani katikati ya ngozi ya nyangumi na samaki. Asubuhi lilikuwa limeganda. Barafu ilikuwa imeyasukuma matabaka huku na huku, miaka elfu nane imevurugika kama uji. Bomba la pili lilipona kwa sababu moja tu, ghala lilikuwa limejaa.

Bolethe hakugomba. Alikaa kwenye sleji akalia, na hilo lilimuuma Piitaaraq kuliko matusi. Ruhusa ya kutoboa ziwa ilikuwa imekwisha, na masomo yake ya miaka mitatu yalibaki yakining'inia kwenye bomba moja. Gaaba akakumbusha kwamba kuuliza si ujinga. Lakini la kuvunda halina ubani, na Piitaaraq aliyajua hayo.

Maana hakuwa mgeni wa jambo hilo. Tangu utoto hakuna kilichofika nyumbani kizima mikononi mwake, iwe kikombe, kioo cha taa au kasia la babu. Kila alipoingia, mama yake alimtazama mikono na kumuuliza, "Haya, leo umeleta nini kizima?" Kijiji kizima kiliujua usemi huo na kuucheka. Mwaka ule mama alipougua alitamani mayai ya ndege wa baharini. Piitaaraq akaenda kisiwani kwa mashua, akarudi mbio mno, na mayai yote yakapasuka ndani ya kofia. Alipofika mlangoni, mama alikuwa ameshafariki. Kofia ile mpaka leo hajaivaa tena.

Siku ya pili jino likamuuma Bolethe, shavu likavimba kama mkate. Helikopta ya wagonjwa ikaja na nafasi moja, ya mtu peke yake, bila mzigo. Ingerudi baada ya siku sita. Bolethe akamshika Piitaaraq mkono, akamkabidhi bomba na kipimajoto.

"Lisimame wima. Lisitikisike. Nyuzi nne tu, lisigande wala lisipate joto."

"Mama, unaniachia mimi? Baada ya nililolifanya?"

"Mtoto asiyesikia, nani atamwamini kama si mama yake?"

Haya bwana. Nyuzi nne, Illunnguit, mwezi wa Machi! Nje ni baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na ndani watu wanapenda kukaa na fulana. Katikati hapana kitu. Alijaribu kanisani, akakuta maji ya ubatizo yameganda. Alijaribu dukani, kwenye jokofu la maziwa, mwenye duka akamwambia tope na maziwa havijawahi kuwa majirani. Mwishowe akagundua kwamba kibaraza chake, kati ya mlango wa nje na wa ndani, hukaa nyuzi nne barabara ukiacha mlango wa ndani wazi kwa vidole viwili. Akalifunga bomba wima kwa kamba za mbwa, akaweka kiti pembeni, akawa halali bali anasinzia. Gaaba akapita kumpongeza kwa uyaya.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ya tano, nayo ilikuwa siku ya Salumine kutimiza miaka sitini. Siku kama hiyo mlango huwa wazi toka mchana, kijiji chote huja kwa zamu kunywa kahawa na kula keki, na keki alikuwa ameoka za aina tisa. Watu themanini wakifungua na kufunga mlango, kibaraza kingeganda kabla ya saa nane. Bomba lilibidi liingie sebuleni, na sebule ilibidi iwe nyuzi nne. Piitaaraq akamwambia mkewe akiwa ameinamisha kichwa. Salumine alitazama keki zake, akalitazama tope, akauliza kama alikuwa ameolewa na mtu au na ziwa. Kisha, kwa sababu aliijua habari ya kofia, akaenda mwenyewe kulizima jiko la mafuta lililopasha nyumba joto.

Wageni wakaja. Walikunywa kahawa wakiwa na makoti ya manyoya, pumzi zikitoka kama moshi, malai imegandia kwenye kijiko. Viatu, kama ada, vilivuliwa mlangoni. Mchungaji aliomba abaki navyo, Salumine akamjibu, "Baridi ni ya mume wangu, mchungaji. Sakafu ni yangu." Basi watu wakala wakirukaruka kwa soksi mbele ya bomba la tope lililosimama pembeni kama mgeni wa heshima.

Ni Gaaba aliyeshindwa. Vidole vya miguu vilipomfia, alijipenyeza nyuma ya pazia akawasha jiko, tena mpaka mwisho. Piitaaraq alikuwa anakata keki alipotupia jicho kipimajoto akaona saba. Kisha tisa. Alilinyanyua bomba, akalikumbatia wima kama mtoto mchanga na kutoka nalo hatua kwa hatua hadi kibarazani. Huko akasimama akisukuma mlango wa ndani kwa kisigino na wa nje kwa goti, kipimajoto amekiuma menoni, akiomba Mungu asipige chafya.

Alisimama hivyo kwa saa mbili, sherehe ya mkewe ikimpita. Mara mlango ukafunguka kidogo, Salumine akatoka na koti jipya la ngozi ya sili wa baharini alilozawadiwa siku hiyo. Akalizungushia bomba.

"Gaaba nimemtoa nje kwa dirisha, bila viatu," alisema. "Shika huko, mimi nishike huku."

Kesho yake helikopta ikatua. Bolethe aliingia bila salamu, shavu limenywea, akapiga magoti na kulimulika bomba kwa tochi. Piitaaraq hakuthubutu kuangalia. Gaaba naye alikuwa mlangoni, amefuata viatu vyake.

Bolethe alikagua toka chini hadi juu, polepole. Kisha akaweka kidole karibu na juu, mahali penye mistari midogo ya kijani na kijivu, iliyonyooka yote.

"Upana wa kidole hiki," alisema. "Hapa ndipo mama yako alipozaliwa, hapa ndipo alipofariki. Maisha yake yote."

Piitaaraq akapiga magoti pembeni yake, akaangalia, akaificha mikono nyuma kama alivyozoea utotoni. Bolethe akaivuta mbele, akaitazama viganja, kimoja kwanza, kisha cha pili.

"Kizima, mwanangu," akasema. "Leo umeleta kizima."

Mzee akalia waziwazi, mbele ya Gaaba, na hakujali. Salumine alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akamuuliza mama mkwe kama sasa anaruhusiwa kuwasha jiko.