Mara Tatu kwa Wiki

Mke wangu Tumirah aliuawa na vipande vitatu vya kuku. Hakukabwa na mfupa, wala kuku hawakuwa wamechacha. Alikula, akashukuru, akasema kweli alipoulizwa. Basi.

Mimi ni mponda kokoto hapa Watugeneng, kwenye vilima vya mawe meupe ambako hata muhogo huota kwa kubembelezwa. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyojua, na mwenye kuudhika na audhike.

Figo za Tumirah zilikufa miaka minne kabla yake. Kila Jumanne na Ijumaa tulishuka hospitali ya wilaya, akalazwa kando ya mashine, damu ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Alirudi amechoka lakini mzima, na kesho yake yuko jikoni ananigombeza kwa kumaliza chumvi. Hatukulipa kitu, maana tulikuwa na kadi. Kadi walipewa walio kwenye orodha ya maskini, na sisi tulikuwamo. Tena hatukuandikwa kwenye karatasi tu. Watu wa ofisini walipita na rangi nyekundu wakatupiga chapa ukutani, mbele ya nyumba: FAMILIA MASKINI, herufi kubwa kama za duka.

Tumirah aliichukia ile chapa kuliko sindano.

"Maskini ni mtu anayekufa akakosa wa kumwosha," alikuwa akisema. "Mimi nina mtaa mzima."

Akatundika ungo juu ya maandishi. Ungo wenyewe mdogo, ukafunika FAMILIA, ikabaki MASKINI. Nikacheka mpaka nikakohoa. Akaenda kwa mama jirani yetu, Mbok Painem, akaazima ungo wa pili.

Mtu akiniuliza umaskini wetu ulianzia wapi, namwonyesha bonde lile la mitiki. Babu yangu alilima mpunga pale. Wakaja wenye kofia, wakasema ni msitu wa serikali. Baba akawa kibarua wa kupanda mitiki kwenye shamba la baba yake mwenyewe, mimi nikaachiwa mawe. Hilo halimo katika maswali yao. Wanauliza ukuta wako ni wa nini, hawaulizi bonde lako lilikwenda wapi.

Sasa wale kuku. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwezi wa kuwakumbuka wafu, na karamu zilifuatana. Jumatano ilikuwa hitima ya siku ya saba ya mzee Kartorejo. Ijumaa, hitima ya siku mia ya mama mmoja wa bondeni. Jumapili, mwenyekiti wetu wa kitongoji, Pak Darmaji, alihamia nyumba yake mpya yenye vigae mpaka chooni. Kwetu mwanamume aliyealikwa hali kule. Anaitikia dua, anakunywa chai, kisha anabeba kikapu chake cha mianzi mpaka nyumbani, wali na tambi na tempe ya soya, na kipande cha kuku juu yake. Kikapu hicho tunakiita baraka, na wenye kukila ni wale wanaongoja mlangoni. Mtoto wetu ni mmoja, Giyarti, naye yuko Malaysia anafua nguo za watu. Kwa hiyo baraka zote tatu zilikuwa za Tumirah. Yeye alikula nyama, mimi nikapewa ngozi na lawama kwamba natafuna kwa kelele. Kabla ya wiki ile tulikuwa hatujaonja kuku tangu Sikukuu ya Kuchinja. Ilikuwa ugali wa makopa na majani ya muhogo, basi.

Jumatatu asubuhi Pak Darmaji akapita na pikipiki, hakushuka hata kuzima. Akaniita Mbah, kama watu wa huku wanavyowaita babu na bibi. "Mbah Wagiso! Leo atakuja mgeni wa takwimu. Msiniaibishe!"

Angekuwa kiongozi angetuambia yule mgeni amekuja kupima nini. Yeye alisema mgeni, na Tumirah akasikia mgeni. Akafagia uwanja. Akaazima viti vinne vya plastiki, bilauri tatu na sukari, vyote kwa Mbok Painem. Akavaa sarongi yake ya harusini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Sikiliza basi tulivyopona.

Mgeni alikuwa binti mwembamba, Retna, na kishikwambi mkononi.

"Mbah, samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani, mwanangu? Kaa. Umeshakula?" Tumirah akamuuliza.

"Nimeshakula, Mbah."

"Mwongo. Tumbo lako limeungana na mgongo. Kunywa chai kwanza."

Binti akanywa, akaanza. Sakafu ya nini?

"Saruji," nikajibu. "Lakini mliimwaga ninyi wenyewe, na ule mradi wenu wa mwaka juzi."

"Saruji," akabonyeza. "Viti?"

Nikafungua mdomo. Tumirah akanipiga teke la kifundo chini ya sarongi. Huwezi kumwambia mgeni kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima, ni sawa na kumwambia ainuke. Binti akavihesabu mwenyewe: vinne.

"Wiki iliyopita mmekula nyama, kuku au samaki mara ngapi?"

Uso wa Tumirah ukachangamka. Kwa miaka minne watu walikuwa wakimuuliza anaumwa wapi, leo kaulizwa jambo zuri.

"Alhamdulillahi, mwanangu, tumeneemeka. Kuku, mara tatu!"

"Mara tatu?"

"Mara tatu. Na paja lilikuwa hivi," akaonyesha kwa kiganja.

"Binti," nikaingilia, "hao ni kuku wa baraka. Ni karamu za watu."

Akakitazama kishikwambi chake, akakisogeza juu, akakishusha chini. "Mbah, hapa hapana pa kuandika kuku katoka wapi. Pana namba tu."

"Andika tatu, mwanangu, usihangaike," Tumirah akasema. "Ongeza sukari."

Miezi mitatu baadaye, siku ya Ijumaa, mwanamume wa dirishani hospitalini akairudisha kadi yetu.

"Haisomi."

"Ifutefute, ina jasho."

"Si jasho, Mbah. Mmetolewa. Watu wote nchini wamepangwa kwenye ngazi kumi. Ninyi mlikuwa ya kwanza, sasa mko ya sita." Akatabasamu, nadhani alitaka kunifurahisha. "Hongereni. Si maskini tena."

"Tulipanda kwa miguu gani?" nikamuuliza. "Huyu mwenzangu hata kibaraza cha hospitali yenu nampandisha kwa kumshika kiuno."

Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. Siku ile nesi mmoja alituonea huruma akampitisha. Akatuambia, mara ya pili siwezi, nina watoto.

Nikaenda kwa Pak Darmaji. Nilimkuta barazani, miguu juu ya vigae.

"Mbah, mimi nifanyeje? Ni mashine ya mji mkuu ile."

"Binamu yako ana kadi, na ana lori."

"Lori ni la mkewe." Akacheka peke yake. "Na ninyi nani aliwatuma kujitapa? Kuku mara tatu! Mimi mwenyewe mwenyekiti sijafikisha mara tatu."

"Mmoja alitoka kwako! Tulikula kuku wako wa kuhamia nyumba!"

Hapo akakuna goti. Kisha akasema niandike malalamiko, yatapanda wilayani, atatumwa mtu kuhakiki. Lini? Wakipanga. Akaniandikia yeye, maana mkono wangu umezoea nyundo. Nikatia dole gumba.

Tulikuwa na mbuzi wawili. Mbuzi mmoja alisafisha damu mara mbili, wa pili vivyo hivyo. Mbuzi wakaisha kabla ya mwezi. Giyarti akatuma alichokuwa nacho, ikawa mara moja nyingine. Mbok Painem akapitisha bakuli mtaani, wenye kitu wakatia, na wasio na kitu wakatia, ikawa mara moja ya mwisho. Pak Darmaji alitia pia. Sitamnyima haki yake. Lakini aliyetia tone kwenye moto alioangalia ukiwashwa asingoje nimwite mzima moto.

Tumirah akaanza kuvimba, miguu kwanza, halafu uso. Asubuhi moja alikuwa amelala kwenye mkeka, anapumua kama mtu anayepanda kilima, nami nikamwambia neno ambalo nitakufa nalo.

"Ungesema mara moja tu! Kinywa chako kingekufa kwa kusema mara moja?"

Hakukasirika. Alinitazama kwa yale macho yaliyobaki kama mstari.

"Nilikula, Baba Giyarti. Nikisema sikula, si nimewatukana walionipa? Mzee Kartorejo yuko kaburini, watoto wake wamechinja kwa ajili yake, niseme hawakuchinja?"

"Serikali haijui habari za Kartorejo."

"Mimi namjua," akasema. Akaomba maji, nami kwa amri ya daktari nilimpa kijiko kimoja tu. Hicho nacho kinaniuma. Ningempa bilauri nzima.

Akafariki Alhamisi, jua limepanda. Wa kumwosha walikuwa kumi na wawili, mpaka wakagombania kata.

Kwetu dua za marehemu ni siku saba mfululizo baada ya magharibi, na kila siku wanaoitikia huondoka na baraka. Mfiwa atatoa wapi? Mtaa huleta. Huyu mchele, huyu mafuta, huyu jogoo kamfunga miguu. Uwanja wangu ukajaa masufuria. Nilivikwa kofia nikakalishwa mbele kama bwana harusi. Sikuwa nimewahi kuona chakula kingi hivyo nyumbani mwangu, na kila kipande cha kuku nilichowekewa mbele nilikila, kwa sababu Mbok Painem alisimama kunitazama mpaka nimeze.

Siku ya saba, asubuhi, wanawake wakiwa wanasuka vikapu barazani, akaja yule binti. Retna. Kishikwambi kile kile.

"Mbah, nimetumwa kuhakiki malalamiko yenu." Akaona masufuria, akaona viti vya plastiki safu nne, akatabasamu. "Kuna sherehe? Mama yuko wapi?"

Wanawake wakaacha kusuka. Mbok Painem akamwambia, "Sherehe ni yake, binti. Yeye mwenyewe hayupo."

Binti alikaa chini palepale, kwenye saruji ya serikali. Akalia, na Mbok Painem, ambaye alikuwa ameapa kumpiga na mwiko, akampa maji. Mimi sikumchukia. Ni kijana wa watu, kapewa namba akapeleka namba. Wenye kupanga ngazi hawaji huku. Wangekuja wangechafua viatu.

"Mbah," akasema alipofuta uso, "nikijaza leo, kadi yako wewe inaweza kurudi. Nisaidie nikusaidie." Akawasha. "Mko wangapi ndani ya nyumba?"

"Mmoja."

Akabonyeza. Pembeni mwa kioo namba ikabadilika, nikaiona.

"Kimefanya nini hicho?"

"Kinagawa tu, Mbah. Vitu vya nyumba kwa idadi ya watu."

Nikafikiri. Kichwa changu ni kizito lakini hufika.

"Kwa hiyo zamani kiligawa kwa wawili."

"Ndiyo."

"Na sasa, kwa kuwa amekufa, mimi nimepanda."

Kuku mmoja aliyebaki alikuwa akipiga kelele chini ya mti, kafungwa miguu. Binti akanisogelea, akanong'ona, "Swali la mwisho lile la nyama. Mbah, nakuomba. Sema hujala. Mimi nitaandika sifuri, hakuna atakayejua."

Nilitazama vikapu. Nilitaka kusema sifuri, naapa. Mgongo wangu umekwisha, mwaka kesho nitaihitaji hospitali kuliko yeyote. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Mbok Painem alikuwa pale, na mianzi ya kusukia mapajani, jogoo wake wa pekee aliliwa siku ya tatu. Mke wa Kartorejo alikuwa pale. Wote wananisikiliza.

"Mara saba," nikasema.

"Mbah..."

"Kila siku, siku saba, na wa leo ndiye yule anayepiga kelele. Andika saba. Na ukienda kwa wakubwa wako, waambie zote zilitoka kwa watu wasio na kadi."

"Hapana pa kuandika hivyo, Mbah."

"Najua."

Akaandika. Tukampa baraka, maana mgeni haondoki mikono mitupu, akaikumbatia kifuani akateremka nayo kilima akipitia njia ya mawe, kishikwambi kakitia mkobani.

Jioni hiyo nikauondoa ungo wa Mbok Painem ukutani, nikaupangusa, nikamrudishia. Ule wetu nimeuacha pale alipoutundika mwenyewe, juu ya FAMILIA.