Chamchanga wa Vituo Viwili

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu mstaafu alihesabu chamchanga, ndege wadogo wa matopeni, katika vituo viwili vya mlango wa mto. Huanza kwenye matope ya upande huu, akihesabu kumi kumi kwa darubini. Kisha huvuka daraja, akahesabu walio kwenye fungu la mchanga, akajumlisha. Ofisi ya hifadhi ilimsifu: kwingineko chamchanga walipungua, kwake waliongezeka mwaka wa sita mfululizo. Kwa takwimu hizo ikaona ndege wa hapa wako salama, ikawahamishia kwingine walinzi wa mto.

Asubuhi hiyo alifuatana na wifi yake, ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amechoka kukaa nyumbani. Walipofika kituo cha kwanza wifi akaketi, akakataa katakata kuvuka.

Mwalimu akavuka peke yake. Magoti yalimuuma, alisimama mara tatu darajani kuvuta pumzi. Aliporudi, jumla ilikuwa elfu mbili na mia nne.

"Ndege wako walikupita ukiwa unapumzika pale darajani," wifi alisema, akimenya chungwa. "Maji yalipoanza kujaa waliruka wote, wakatua kule ulikokuwa unakwenda. Ukawahesabu tena?"

Mwalimu akaitazama saa yake. Zamani alivuka kwa dakika kumi, matope yangali wazi. Siku hizi alitumia nusu saa, na maji yaliwafukuza ndege kabla hajafika. Kadiri miguu yake ilivyochakaa, ndivyo chamchanga walivyozidi.

"Basi miguu yako inataga kuliko kuku wangu," wifi alitania. Alipomtazama usoni, utani ukamwisha.

Mwalimu akamweleza taratibu kwamba walinzi waliondolewa kwa hesabu hiyo, na kwamba akisema ukweli, kazi hii atapewa mwenye miguu mizima.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Mimi kuhesabu sijui, wifi yangu," alisema polepole, akampa nusu ya chungwa.

Mwalimu alilipokea, akakaa nalo mkononi bila kulila. Uchovu aliousikia haukuwa wa daraja. Baadaye akaitandika gotini fomu ya ofisi ya hifadhi, akaikata jumla, akaandika ya kituo cha kwanza pekee: elfu moja na mia mbili. Chini yake akaomba hesabu zake za miaka sita iliyopita zisitumike tena. Palipotakiwa sababu aliandika: *Mhesabuji hawezi tena kuwawahi ndege.* Akatia sahihi, akamwomba wifi amshike mkono ainuke.