Arzhel wa Bandani

Kila Ijumaa asubuhi Enora alimimina rojo la ngano nyeusi kwenye chuma cha moto, akalitandaza kwa kijiti, akapindua chapati, akapaka siagi ya chumvi. Ijumaa hii alikuwa anapindua ya nne wakati mumewe, Gireg, alipoingia mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Leo siku ya tano, ya mwisho kisheria! Ofisi ya meya inafunga saa sita, na mtoto hajaandikishwa!"

Chapati ikaanguka sakafuni.

"Haraka ya nini?" baba mkwe akauliza, akaiokota na kuila. "Jina si lipo? Mjukuu wa kwanza hubeba la babu yake. Tanguy. Maana yake mbwa wa moto! Hilo ndilo jina la mwanamume."

"Mbwa wa moto gani, baba, anayemkimbia jogoo?" Gireg akauliza.

"Yule jogoo ana roho mbaya! Usinivunjie heshima mbele ya mjukuu wangu."

Mjukuu alikuwa amelala fofofo kikapuni.

Enora akamimina rojo jingine. Moyoni alikuwa na jina lingine: Arzhel. Watu wa kale walichukua neno la dubu na neno la mwana wa mfalme, wakayaunganisha wakapata jina moja, na ndilo alilokuwa nalo babu yake aliyemlea. Angelisema zamani. Lakini mwaka wa harusi baba mkwe alinunua punda, akamwomba bibi harusi amtajie jina la kupendeza. Enora, kwa haya, akataja la kwanza lililomjia mdomoni. Mzee alifurahi mno, akalichonga kwenye mlango wa banda. Tangu hapo kijiji kizima kilimjua Arzhel, yule aliyekula kofia ya padri.

"Haya, mimi nakwenda," Gireg akasema, sasa ana viatu vyote. "Tanguy, kwa herufi kubwa."

"Kubwa kabisa!" mzee akadakia.

Gireg alishashika kitasa. Mtoto akakunja ngumi chini ya kidevu, vile vile babu aliyemlea Enora alivyokuwa akilala.

"Arzhel," Enora akasema.

"Nimeshampa maji," baba mkwe akajibu, mdomo umejaa.

Enora akaweka kijiti chini.

"Si punda, baba. Mtoto. Nataka mwanangu aitwe Arzhel kama babu yangu, na huyo punda ndiye atafutiwe jina lingine."