Kivuli cha Saa Nne

Scolastica alikuwa mbishi tangu tumboni, na kama unadhani namsengenya, kamuulize mama yake. Chuo kipya nje kidogo ya mji wa Mpanda kilipomwita achore ramani ya uwanja wake wa ndani, ule uliozungukwa na madarasa pande zote nne, mkuu wa chuo alitaka mlingoti wa bendera na maua ya kumwagilia. Scolastica akamchorea sanamu na jua. "Jua mnalo bure mwaka mzima," alimwambia, "kazi yenu kulikimbia tu." Mkuu akasaini.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Katikati ingesimama sanamu ya mwanamke ya mti wa mninga, bila jukwaa, miguu chini kama watu wengine. Huku kwetu saa nne asubuhi, wanafunzi wanapotoka kwenda kunywa chai, jua linakuwa limefika nusu ya kupanda kwake, na kivuli cha mtu kinalingana na urefu wake. Basi saa hiyo kivuli cha sanamu kingelala ndani ya umbo la saruji nyeusi lililochorwa sakafuni, kikatoshea kama mguu kwenye kiatu chake. Na umbo lingekuwa la nani? La Scolastica mwenyewe. Pontien mchongaji alimpima kwa kamba kuanzia utosini hadi kisigino, akachonga kwa kipimo hichohicho.

Hapo ndipo penye jambo. Scolastica alizaliwa pacha. Mwenzake, Kalista, aliondoka wakiwa na miaka sita, na kwao pacha hasemwi kwamba amefariki. Husemwa amekwenda Uvinza kuchukua chumvi. Kwa hiyo miaka ishirini na nane Scolastica aliishi kwa niaba ya watu wawili. Alisalimiwa mara mbili. Akinunuliwa gauni, yananunuliwa mawili, la pili linawekwa sandukuni. Mama yake, Mama Rozalia wa Makanyagio, mpaka leo anamimina chai vikombe viwili. Alikuwa amechoka, jamani! Alitaka kitu kimoja hapa duniani kiwe chake peke yake, hata kama ni kivuli.

Jumatatu moja ya Septemba, sanamu ikiwa bado haijaletwa, alisimama yeye mahali pake ili fundi Manyanda achore kivuli chake kwa chokaa. Manyanda akabaki na chokaa mkononi, hainami.

"Dada, nyie si mapacha?"

"Nani kakuambia?"

"Mji wenyewe huu mdogo. Sisi kwetu pacha hapimwi mmoja. Tuchore viwili, kazi iishe."

"Chora kimoja."

"Na mwenzako akirudi atakaa wapi?"

Hasira za miaka yote hiyo zikampanda Scolastica kwa mkupuo. "Harudi! Hakwenda Uvinza wala wapi. Kalista amekufa, Manyanda. Alikufa kwa malaria, nimelala naye kitanda kimoja, nikaamka nikamkuta wa baridi. Amekufa! Haya, chora sasa."

Hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno hilo, hata siku ya mazishi. Manyanda alichora harakaharaka, akamwaga saruji yake, kisha akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Siku ile hakuaga.

Jumatano asubuhi, shubiri moja kando ya umbo jeusi, sakafu ilikuwa imetoa doa jeupe. Kichwa. Mabega. Miguu miwili. Urefu wa mtoto wa miaka sita. Scolastica akachuchumaa, akaligusa kwa kidole, akaonja. Chumvi.

"Saruji hutoa chumvi," alimwambia Manyanda. "Mchanga wenu huo mbaya."

Ni kweli saruji hutoa chumvi, kila fundi analijua hilo. Wakasugua kwa brashi na maji mpaka pakatakata.

Alhamisi doa lilirudi, na lilikuwa limekua. Sasa lilikuwa binti wa darasa la saba, kiuno kimeanza kujitokeza. Wakasugua tena. Ijumaa likawa mwanamke kamili, limebakiza vidole vinne tu kumfikia Scolastica. Alijiambia ni unyevu, ni mchanga, ni macho yake tu, na bado akajikuta anapita kando ya ukuta ili asilikanyage. Siku ile sanamu ikaletwa na kusimikwa. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, na Scolastica aliijua hofu yake kwa jina: mbele ya watu wote, juu ya kazi yake mwenyewe, angekuwa wawili tena.

Jumamosi alifika saa nne ikikaribia, wageni wamechelewa, viti vimeshapangwa. Maumbo yalikuwa sawasawa, unyayo kwa unyayo, utosi kwa utosi. Alichukua sululu stoo na kulinyanyua juu ya lile jeupe.

"Dada, acha!" Ilikuwa sauti ya Manyanda, ameshuka kwenye bodaboda anaingia mbio uwanjani, na nyuma yake Mama Rozalia anajifunga kitenge vizuri. Manyanda alikuwa amemfuata mama huyo hadi nyumbani kwake.

Mama Rozalia alimpita mwanawe pale alipo na sululu lake. Alipiga magoti kando ya umbo jeupe, akalipapasa begani. "Kalista wangu," alisema. Miaka yote ile hakuwahi kulitaja jina hilo kwa sauti. "Umekuwa mtu mzima, mwanangu!"

Kengele ya chai ikalia. Kivuli cha sanamu kilikuwa kikijikusanya polepole sakafuni, na hesabu za Scolastica zilimchukua mwezi mzima, hazikuwa na kosa hata la unene wa uzi. Kivuli kikaliacha umbo jeusi tupu, linaungua na jua, kikaenda kulala ndani ya lile jeupe. Kikatoshea.

Sululu lilimtoka mkononi. "Mama, inuka," alisema. "Ni chumvi ya saruji tu hiyo."

Mama Rozalia akainua uso, kiganja kimekinga jua. Alimtazama kwa upole, ule upole wa kumtazama mgeni. "Samahani, binti. Tunafahamiana?"

"Mama, ni mimi. Scola. Mtoto wako!"

Mama akamgeukia Manyanda kama anayeomba msaada, na Manyanda akaangalia chini. Kisha mama akarudisha mkono wake pale kwenye bega la umbo jeupe.

"Utakuwa umenifananisha," alisema. "Mimi nilijaliwa mmoja tu, ndiye huyu. Hebu sogea kidogo, mama, unamzibia jua."