Wati Sitini za Saa Saba

Shufaa alikuwa na lake moja tu wiki hiyo: hitima ya kaka yake Hafidhi isomwe Ijumaa, mama yao apate kulia kama watu wengine. Miezi minne ilikuwa imepita tangu mashua ya Hafidhi ikutwe imepinduka, mwenyewe asionekane, na bado Bi Biubwa alimtengea mwanawe sahani ya wali kila mchana.

"Msimsomee mtu anayelala chumbani kwake," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi ya Shufaa ilikuwa kupima matumizi ya umeme pale Juani, nyumba kwa nyumba, ili mtambo wa jua wa kijiji uongezewe betri kwa vipimo, si kwa kubahatisha. Alikuwa mkali wa kazi, na ulimi wake haukuwa na breki. Aliyedai ana taa mbili tu, kisha mita ikamuumbua kwamba ana friji, alichekwa mwezi mzima. Jumatatu alifunga kwao mita inayoonyesha kila chumba peke yake, akajaza fomu: wakazi wawili.

Jumatano jioni alisoma kumbukumbu za mita. Siku zote tatu, kuanzia saa saba mchana mpaka saa tisa, chumba cha Hafidhi kilikula wati sitini. Huo ndio wakati Hafidhi alipokuwa akirudi kuvua, akala, akawasha pangaboi na kujilaza.

"Mama huyo, anawasha," alijiambia, akakasirika, maana hasira ilikuwa nafuu kuliko lile wazo jingine.

Alhamisi asubuhi alipanda kiti, akalifungua pangaboi, akalipeleka zahanati wakalitumie huko. Aliporudi alichomoa kila kitu, akatoa balbu zote, akamketisha mama uani wamenye mihogo. Mita ilikuwa ukutani mbele yao. Ilisoma sufuri.

Saa saba ilipofika, ikasoma sitini.

Kisu cha Shufaa kilisimama. Mama hakuinua hata kichwa.

"Kaja," alisema.

Shufaa alikwenda akashusha swichi kuu. Mita yenyewe ilikaa kabla ya swichi, kwa hiyo haikuzimika, lakini ilipaswa kurudi sufuri. Haikurudi. Akausukuma mlango wa chumba cha Hafidhi. Darini ilibaki ndoano tupu, na nyaya mbili alizozifunga utepe kwa mikono yake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Chandarua kilikuwa kikicheza, na upepo ulimshukia utosini. Shuka lilikuwa limebonyea katikati ya kitanda.

Aliogopa. Hata hivyo mlango aliurudisha taratibu, usije ukalia.

Akampigia imamu simu, akamwomba awaambie watu kesho wasije kwenye hitima. Kisha akachukua fomu, akafuta wawili, akaandika watatu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "sahani yake umeshamtengea?"